Kipimo cha Dawa za Kulevya Kazini: Kinachoonyesha na Kisichoonyesha

Kila asubuhi mamia ya abiria huingia katika boti bandarini Malindi kwa safari za Dar es Salaam na Pemba. Hakuna anayemsogelea nahodha kumuuliza kama amelala vya kutosha, amekunywa nini jana usiku, au ametumia kitu gani kabla ya kushika usukani. Abiria hukabidhi roho yake kwa mtu asiyemjua, kwa imani kuwa yupo mwingine aliyekwisha kuuliza maswali hayo kwa niaba yake.

Asubuhi hiyo hiyo, si mbali na bandari, watu wengine wamo katika foleni kwenye kliniki ya Kidongo Chekundu wakisubiri dozi yao ya methadoni. Miongoni mwa wanaotibiwa kwa njia hii wamo wenye ajira, ambao wakitoka hapo huelekea kazini. Wao nao wana hofu yao: je, siku mwajiri atakapoleta kichupa cha mkojo, dawa inayowaweka sawa itahesabiwa kuwa kosa?

Abiria na mgonjwa wote wawili ni wakaazi wa wadi zetu, na wote wawili wana haki. Makala hii inaeleza namna kipimo cha dawa za kulevya kinavyofanya kazi, mambo ambayo hakiwezi kuyasema, na mahali ambapo kimethibitika kusaidia, ili mwajiri, mfanyakazi na familia wakitazame kwa macho mamoja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Visiwa vyetu vipo kando ya njia kuu ya heroini itokayo pwani ya Makran, katika mipaka ya Iran na Pakistan, na kusafirishwa kwa majahazi hadi Afrika Mashariki. Ukubwa wa biashara hiyo ulidhihirika mwezi Aprili 2014, pale meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilipokamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja baharini mashariki ya Mombasa. Mzigo wa namna hiyo haukusudiwi wote kwa soko la hapa, lakini kila njia huacha mabaki yake. Tangu miaka ya 1980 unga umekuwa ukiuzwa kwa kete katika mitaa ya mwambao wote, Unguja ikiwemo, pamoja na bangi, mirungi na vidonge vya hospitali vinavyotumiwa pasipo maelekezo ya daktari.

Tumezoea kumfikiria mtumiaji kuwa ni kijana asiye na kazi aliyekaa pembezoni mwa mtaa. Taswira hiyo ni pungufu. Mtu mwenye uraibu anaweza kuwa na ajira kwa muda mrefu kabla ya mambo kuharibika: akawa dereva wa gari ya abiria, mpishi wa hoteli, mpagazi wa bandarini, fundi wa umeme au karani wa ofisi. Mara nyingi wenzake ndio wa mwanzo kujua, na mwajiri ndiye wa mwisho. Hapo ndipo kipimo kinapoingia.

Kipimo kinatafuta nini

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha mkojo. Mfanyakazi hupewa kichupa, na mkojo wake huwekewa kipande cha kipimo cha haraka ambacho hutoa jibu ndani ya dakika chache. Kipimo hicho hakitafuti ulevi. Kinatafuta mabaki ya kemikali ambayo mwili huyatengeneza unapoivunja dawa. Mabaki yakizidi kiwango fulani kilichowekwa kuwa mpaka, jibu huwa chanya. Kwa bangi, kwa mfano, kiwango kilichozoeleka katika kipimo cha mwanzo ni nanogramu 50 katika mililita moja ya mkojo.

Jambo la msingi la kulifahamu ni kuwa mabaki hayo hayakai mwilini kwa muda mmoja. Bangi huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na hutoka polepole. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku chache tu, ilhali mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana hadi wiki nne baada ya kuacha. Mabaki ya heroini kwa kawaida hutoweka ndani ya siku mbili au tatu, na alama yake maalumu, ile inayoitofautisha na dawa ya kikohozi, hutoweka ndani ya siku moja hivi. Kokeini huonekana kwa siku mbili hadi nne. Pombe, ambayo ndiyo chanzo cha ajali nyingi duniani, huisha katika pumzi kwa saa chache. Mirungi haimo kabisa katika orodha ya vitu vinavyotafutwa na vipimo vingi vya kawaida.

Hapa linatokea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kijana aliyevuta bangi wiki tatu zilizopita akiwa likizo anaweza kuonekana na kosa, wakati mwenzake aliyevuta unga Alkhamisi usiku akapita salama Jumatatu asubuhi. Nahodha aliyekesha na chupa anaweza kuwa na mkojo safi wa bangi na heroini, na bado akawa hafai kushika usukani. Kipimo cha mkojo, kwa hivyo, kinasimulia yaliyopita mwilini. Hakisemi iwapo mtu huyu, saa hii, anaweza kufanya kazi yake kwa usalama. Kipimo kinachokaribia kulijibu swali hilo ni cha pombe kwa njia ya pumzi, kwa sababu kiasi cha pombe kilichomo katika pumzi hufuatana na kiasi kilichomo katika damu wakati ule ule.

Ndiyo maana sheria za kimataifa za bahari zimeweka kiwango mahsusi cha pombe. Kwa mujibu wa Mkataba wa Mafunzo na Vyeti vya Mabaharia, kama ulivyorekebishwa Manila mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2012, manahodha, maofisa na mabaharia wenye majukumu ya usalama hawaruhusiwi kuzidi asilimia 0.05 ya pombe katika damu, au miligramu 0.25 katika lita moja ya pumzi.

Kipimo kinapokosea

Kipimo cha haraka kimetengenezwa kuwa chepesi na cha bei nafuu. Wepesi huo una gharama yake: kinaweza kudanganywa na kitu kinachofanana na kile kinachotafutwa. Dawa ya kikohozi yenye kodini hugeuka kuwa mofini mwilini, na mofini ndiyo inayotafutwa kwa mtumiaji wa heroini. Rifampisini, dawa muhimu ya kifua kikuu, imepata kutoa majibu chanya ya uongo ya jamii ya heroini katika baadhi ya vipimo. Efavirenzi, iliyotumika sana kwa miaka mingi katika tiba ya virusi vya UKIMWI, imepata kuleta majibu ya uongo ya bangi katika baadhi ya vipimo vingine.

Tazama basi hali ya mfanyakazi anayeambiwa mbele ya wenzake kuwa mkojo wake una bangi. Ili ajitetee, itambidi ataje dawa anazotumia, na kwa kuzitaja atakuwa ametangaza maradhi yake. Jibu la kipande cha karatasi limemweka kati ya kupoteza kazi na kupoteza siri yake. Mtu hatakiwi kamwe kufikishwa hapo, na utaratibu mzuri humwepusha: majibu hupelekwa kwa mtu wa afya peke yake, naye huzungumza na mhusika faraghani kabla mwajiri hajaambiwa lolote.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Chukua taasisi yenye wafanyakazi 500, ambao 10 kati yao wanatumia dawa za kulevya. Tuseme kipimo kinawagundua 9 kati ya hao 10, na kinakosea kwa watu 3 katika kila 100 wasiotumia. Wasiotumia ni 490, hivyo takriban 15 kati yao watapata jibu chanya la uongo. Jumla ya walioonekana na kosa ni 24, na 15 kati yao hawana hatia yoyote. Kipimo kinachoonekana kuwa sahihi sana kimeonya watu wengi wasio na kosa kuliko wenye kosa, kwa sababu tu wasiotumia ni wengi.

Kwa sababu hiyo, jibu chanya la kipimo cha haraka ni dalili ya kuchunguza zaidi, halijawa ushahidi. Ni lazima lifuatwe na kipimo cha uthibitisho katika maabara yenye mitambo inayotambua kila kemikali kwa jina lake. Hapa Zanzibar taasisi ya Serikali yenye dhamana ya uchunguzi wa kikemia ni Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli igawanywe katika vichupa viwili, vifungwe na kutiwa lakiri mbele ya mwenyewe, na kila anayekipokea atie saini. Kichupa cha pili kibaki, ili mfanyakazi akipinga jibu, kuwe na cha kurejea.

Je, kupima kunapunguza matumizi?

Hili ndilo swali ambalo waajiri hulipa fedha kulijibu. Nchi iliyopima zaidi kuliko zote ni Marekani, na historia yake ina mafunzo.

Tarehe 26 Mei 1981 ndege ya kivita ilianguka juu ya sitaha ya manowari USS Nimitz na kuua watu 14. Uchunguzi wa miili ulionyesha kuwa baadhi ya mabaharia waliokufa walikuwa wametumia bangi. Jeshi lilianza kupima askari wake kwa wingi. Katika tafiti zake, askari waliokiri kutumia dawa za kulevya katika siku 30 zilizotangulia walikuwa asilimia 27.6 mwaka 1980, na kufikia 1992 walishuka hadi asilimia 3.4. Tarehe 4 Januari 1987 treni mbili ziligongana huko Chase, Maryland, watu 16 wakafariki, na mwendeshaji wa mojawapo akakutwa na mabaki ya bangi. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri nchi nzima.

Kwa kuzitazama takwimu za jeshi, mtu angesema shauri limekwisha. Lakini katika miaka hiyo hiyo matumizi yalishuka pia miongoni mwa raia, na jeshi linaweza kumfukuza aliyekutwa na kosa na kumkataa anayeomba kuingia. Sehemu ya upungufu ule ilitokana na watu kuondolewa, bila ya wao kuacha. Mwaka 1994 kamati ya wanasayansi ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilipitia ushahidi wote uliokuwepo na kusema kuwa haujathibitisha kwamba kupima kazini kunazuia matumizi. Mwaka 2004 tume huru nchini Uingereza ilifikia hitimisho lililo karibu na hilo, ikaongeza kuwa usimamizi mzuri wa kazi una nafasi kubwa zaidi, na kwamba kupima kuna hoja ya msingi hasa katika kazi zinazogusa usalama.

Kwa nini kitu kinachotisha kisizuie? Sababu zipo tatu. Kwanza, kipimo cha kuingilia kazini hujulikana siku yake, na mtu hujizuia kwa siku chache. Pili, kwa kuwa bangi hukaa muda mrefu mwilini na heroini hukaa muda mfupi, anayehofia kipimo anaweza kuhama kutoka katika dawa inayoonekana kwenda katika iliyo hatari zaidi, au katika pombe. Tatu, uraibu ni maradhi. Anayeamka na arosto, akiumwa mifupa, akitapika na kutokwa na jasho, haongozwi tena na hesabu ya faida na hasara. Hofu humfanya ajifiche vizuri zaidi, na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Haya hayana maana kwamba tusipime. Yana maana kwamba tujue tunapima nani na kwa ajili gani. Nahodha, dereva, mwendesha winchi bandarini na fundi anayepanda nguzo ya umeme wakikosea, wengine hufa. Kuwapima, hasa pombe kwa pumzi na hasa baada ya ajali, kuna msingi. Karani na mfuaji wa mashuka hotelini hawana mzigo huo, na kuwapima kila mwezi ni kugharimia hofu.

Wala kipimo kisigeuke pazia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama njiani kuelekea Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Hakuna kichupa cha mkojo ambacho kingeiokoa. Usalama wa chombo ni pamoja na idadi ya abiria, maboya, hali ya hewa na saa za mapumziko ya mabaharia.

Sheria na haki

Zanzibar ina sheria zake. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar iliundwa kwa Sheria Namba 8 ya 2021, na dhamana yake inagusa udhibiti wa dawa pamoja na kinga na tiba kwa walioathirika. Katika upande wa kazi, mfanyakazi wa sekta binafsi analindwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na mtumishi wa umma na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa walio kazini. Juu ya zote ipo Katiba ya Zanzibar ya 1984, inayomhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi na maisha yake binafsi.

Kwa hivyo mwajiri ana wajibu wa usalama, na mfanyakazi ana haki ya staha. Kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki: kuelezwa tuhuma, kusikilizwa, na jibu kuthibitishwa. Mgogoro ukitokea hupelekwa katika kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichowekwa chini ya Sheria ya Uhusiano wa Kazi Namba 1 ya 2005. Shirika la Kazi Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1996, limeshauri kuwa matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, siri ilindwe, na mwenye nia ya kutibiwa asitupwe nje.

Mlango wa tiba

Kipimo hupata maana pale ambapo nyuma yake upo mlango wa tiba. Zanzibar inao zaidi ya mmoja. Kliniki ya methadoni ya Kidongo Chekundu ilifunguliwa mwaka 2015, miaka minne baada ya ile ya Muhimbili, Dar es Salaam. Nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi, zimekuwepo mitaani kwa miaka mingi na zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliowahi kutumia na wakaacha. Kipo pia kituo cha Serikali cha tiba na marekebisho ya tabia cha Kidimni.

Methadoni hunywewa kama maji ya dawa, kila siku, mbele ya mhudumu. Dozi moja hukaa mwilini kwa saa 24 au zaidi. Huondoa arosto na tamaa ya unga bila ya kumlewesha aliyekwisha kuzoea kipimo chake. Wiki za mwanzo, wakati dozi inapandishwa, zinahitaji hadhari, na anayeendesha chombo au mashine apate kwanza ushauri wa daktari. Katika kipimo cha mkojo, methadoni huwa na sehemu yake mbali na heroini. Ikionekana kwa mtu aliyesajiliwa katika kliniki, ni alama kwamba anatibiwa.

Kwa mfanyakazi wa namna hii, msaada mkubwa wa mwajiri ni wa saa moja: ruhusa ya kupita kliniki kila siku kabla ya zamu. Akinyimwa saa hiyo, huchagua kati ya dawa na mshahara, na chaguo lolote kati ya hayo mawili linaweza kumrejesha kwenye kete. Na akirejea mara moja, tukumbuke kuwa kuteleza si kuanguka. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kusimama.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwajiri: andika utaratibu kabla ya kununua vipimo, na uujadili na wafanyakazi au chama chao. Taja kazi zipi zitapimwa, lini, nani atapokea majibu, na nini kitafuata. Pima kwa usawa, meneja na kibarua kwa kanuni moja. Usimfukuze mtu kwa jibu la kipimo cha haraka. Aliye katika kazi ya hatari na jibu lake lina shaka, mpangie kazi nyingine mpaka maabara ithibitishe.

Kwa mfanyakazi: kabla ya kutoa sampuli, omba kuusoma utaratibu wa maandishi. Mweleze mhudumu wa afya, si msimamizi wako, dawa zote unazotumia, na weka cheti cha daktari. Hakikisha kichupa kimetiwa lakiri mbele yako. Jibu likiwa chanya na huliamini, omba uthibitisho kwa maandishi. Ukijijua una tatizo, jitokeze kabla ya kipimo. Anayekuja mwenyewe husikilizwa kwa namna tofauti na anayekamatwa.

Kwa familia na majirani: dalili za mwanzo, kama kuchelewa, mshahara kuisha siku mbili, kusinzia mchana au vitu vya nyumbani kupotea, huonekana nyumbani kabla ya kuonekana kazini. Msisubiri kichupa cha mwajiri. Sheha wa shehia yako anaweza kukuelekeza, na mlango wa Kidongo Chekundu hauhitaji barua ya mwajiri ili ugongwe.

Abiria wa Malindi anastahili nahodha aliye timamu, na aliye katika foleni ya kliniki anastahili kurudi kazini akiwa na heshima yake. Kipimo kinachofanywa kwa utaratibu, kikathibitishwa maabara na kufuatiwa na tiba, kinaweza kuwatendea haki wote wawili.